Je, Wajua? Madirisha Yasiyo na Pazia

Je, wajua kwamba mfumo wa X, unaochora madirisha kwenye kompyuta nyingi za Unix na Linux, ulianzia chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984? Toleo lake la 11 lilitoka Septemba 1987, na bado linatumika.

Wajua kwamba ndani ya X programu hazifichani kitu? Ikisharuhusiwa kwenye skrini yako, programu yoyote, hata kikokotoo, inaweza kusoma kila herufi unayobonyeza kwenye dirisha jingine, nywila ikiwemo. Inaweza kupiga picha skrini nzima. Inaweza hata kubonyeza vitufe kana kwamba ni wewe. Wala si hitilafu: ndivyo X ilivyobuniwa.

Wajua kwamba mtu aliyechoshwa na ujumbe wa X wa kukataa programu anaweza kuandika amri xhost + na kuifungulia skrini yake kompyuta yoyote inayoweza kuifikia? Herufi tano na alama moja tu. X ikiwa inasikiliza mtandaoni, kwa kawaida kwenye lango namba 6000, aliye chumba cha pili anaingia bila hodi.

Kinga ipo: namba ya siri ya biti 128, iliyowekwa katika faili la .Xauthority. Ila anayeweza kulisoma faili hilo ana ruhusa sawa na yako, na msimamizi wa mashine husoma mafaili yote.

Wajua kwamba SSH, njia ya kuunganisha kompyuta kwa usimbaji, iliyoanzishwa na Tatu Ylönen wa Finland mwaka 1995, hufunika X njiani lakini si kule mwisho wa safari? Ukifungua dirisha kutoka kompyuta ya pamoja iliyo mbali, unaiachia njia ya kurudi kwenye skrini yako. Aliyeteka mashine ile anaweza kuifuata njia hiyo hadi kwenye kibodi yako. Wengi humwogopa mdukuzi wa njiani. Mimi ningemtazama zaidi huyu aliye mwenyeji wako.

Wajua kwamba kufuli ya skrini katika X ni programu kama nyingine? Januari 2012 ilibainika kuwa kwenye matoleo fulani, Ctrl, Alt na alama ya kuzidisha ya upande wa namba viliing'oa kufuli hiyo. Nywila haikuulizwa.

Wajua kwamba kosa lililoingia kwenye X mwaka 1991, katika usomaji wa mafaili ya fonti, lilizibwa Januari 2014? Kwenye mashine nyingi X iliendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi mkuu, hivyo fonti yenye hila ingeweza kumpa mtumiaji wa kawaida kompyuta nzima.

Na wajua kwamba Wayland, mbadala wa X ulioanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008, huzuia dirisha moja kusoma vitufe vya jingine? Fedora, mojawapo ya mifumo ya Linux, iliifanya chaguo lake la kawaida mwaka 2016. Programu za zamani za X huendeshwa humo kupitia Xwayland, na zenyewe kwa zenyewe zinaendelea kuchunguliana.