Je, Wajua? Bunge Linalofunga Virago

Wabunge wa Umoja wa Ulaya hufunga virago na kuhama, kisha hurudi baada ya siku nne, karibu kila mwezi.

Kamati zao hukutana Brussels, Ubelgiji, lakini makao rasmi ya Bunge yako Strasbourg, Ufaransa, zaidi ya kilomita 400 kutoka hapo. Kabla ya safari, makasha hupangwa nje ya milango ya ofisi. Nyaraka hutiwa ndani, malori huyabeba, na wenyewe huyakuta upande wa pili.

Utaratibu huo si mazoea tu. Viongozi wa nchi wanachama waliuafiki Edinburgh mwaka 1992, ukaingizwa katika Mkataba wa Amsterdam wa 1997: vikao 12 vya Strasbourg kwa mwaka.

Mwaka 2014 wakaguzi wa hesabu wa Umoja wa Ulaya walikadiria kwamba kuhamishia Brussels shughuli za Strasbourg kungeokoa euro milioni 114 kwa mwaka. Kubadili mkataba, hata hivyo, kunahitaji kauli moja ya nchi zote 27, na Ufaransa haitaki.

Bunge la Afrika Mashariki nalo husafiri: makao yake ni Arusha, lakini huketi pia katika miji mingine ya nchi wanachama.