Mgonjwa Asiyepona Naye Ana Haki ya Kutulizwa



Tunapotembelea vikundi vya Mariakani, Kaloleni na Bamba, swali moja huja mkutano ukishafungwa, tena kwa sauti ya chini: "Mgonjwa wetu amerudishwa nyumbani, ati hospitali haina la kufanya tena. Sasa tufanyeje?" Leo tunalijibu mbele ya wote, maana linagusa nyumba nyingi.

Jibu letu ni hili: ugonjwa waweza kukosa dawa, lakini maumivu yana dawa.

Huduma ya kutuliza ni nini?

Ni huduma ya mtu mwenye kansa, ukimwi uliozidi, figo au moyo ulioshindwa, au ugonjwa mwingine mzito. Wengine huiita tiba shufaa. Haiharakishi kifo, wala haimkatazi mgonjwa kuendelea na matibabu. Hutuliza maumivu, kutapika na kukosa pumzi, humsikiliza mgonjwa, na huwafundisha watu wa nyumbani kumtunza.

Dawa yake kubwa ni mofini ya maji, ambayo hunywewa. Kuitengeneza si ghali: unga wa mofini huchanganywa na maji na kitu cha kuihifadhi isiharibike. Kwa kawaida mgonjwa hunywa kila baada ya saa nne, hata akijisikia nafuu, ili maumivu yasirudi. Wengi huogopa kwamba atageuka teja. Akipewa kwa maumivu, na kwa kipimo alichoandikiwa, hilo hutokea kwa nadra sana. Mofini hufunga choo, kwa hiyo aulizie pia dawa ya kulainisha choo. Iwekeni mbali na watoto, na asipewe mtu mwingine.

Kwa nini wengine wapate na wengine wakose?

Hapa Kenya, Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Baadaye miji kama Eldoret, Nyeri, Kisumu na Meru ikapata hospisi, na sisi wa pwani tukapata Coast Hospice mjini Mombasa. Kuanzia 2010 serikali ilianza kuweka vitengo vya huduma hii katika hospitali kubwa za mikoa ya wakati ule. Hayo ni maendeleo, twashukuru. Lakini angalieni: huduma ilianzia mjini, kwenye madaktari na wafadhili, na mashambani ikachelewa.

Tena mofini inalindwa na sheria ya mihadarati ya 1994. Lazima iandikwe na mwenye ruhusa, ifungiwe kabatini na iingizwe kwenye rejista. Dispensari ya kijiji yenye muuguzi mmoja si rahisi kuiweka. Basi mgonjwa hubaki na vidonge vya maumivu ya kichwa.

Hata ndani ya Kilifi hatuko sawa. Kutoka Mariakani hadi Mombasa ni kama kilomita 35 za barabara kuu. Mtu aenda na kurudi siku hiyo hiyo. Wa ndani ya Bamba au Ganze apande bodaboda kwanza, na kumkalisha mwenye kansa juu ya pikipiki ni mateso juu ya mateso. Wengine huuza mbuzi au kuweka minazi rehani wakitafuta tiba ya mbali, pesa zikaisha na maumivu yakabaki. Tena maumivu yasiyoelezwa huzaa shuku, kwamba mzee fulani ndiye karoga. Shuku kama hizo zimewaua wazee wetu hapa Kilifi.

Wenzetu wa Uganda

Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Mwaka 2004 serikali yao iliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalum waandike mofini wenyewe. Hivyo dawa ikaanza kumfuata mgonjwa kijijini. Uganda si tajiri kutushinda. Walibadilisha sheria na kufundisha watu.

Kikundi chenu kifanye nini?

1. Ulizeni hospitali iliyo karibu: "Je, mnacho kitengo cha kutuliza wagonjwa? Mofini ipo?" Kama hakuna, ombeni barua ya rufaa ya kwenda penye huduma.

2. Mgonjwa akishaonwa, ulizeni kama jamaa anaweza kufuata dawa kwa niaba yake, ili asisumbuliwe na safari kila mara.

3. Fungueni mfuko mdogo wa nauli ya kufuata dawa. Haba na haba hujaza kibaba.

4. Chagueni watu wawili wajifunze, pamoja na mhudumu wa afya ya jamii, kumgeuza mgonjwa kitandani, kusafisha kinywa chake na kuosha vidonda. Nao wampokee zamu yule mama anayekesha peke yake.

5. Tangu 2013 hospitali hizi ziko chini ya kaunti, na kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 chatupa haki ya afya. Kaunti ikiita wananchi kutoa maoni ya bajeti, nendeni. Ombeni mafunzo kwa wauguzi wetu, na mofini ifike hospitali za karibu na vijiji.

Katika mkutano wenu ujao, ulizaneni ni nyumba gani ina mgonjwa anayeumia usiku. Kisha mtumeni mtu mmoja hospitali na lile swali la kwanza.