Timu Iliyopata Jina Lake Katika Chupa ya Pilipili

Watu wengi wakisikia kwamba kijana fulani anacheza kompyuta, husema anapoteza wakati, na mara nyingi husema kweli. Lakini katika nchi kadhaa, Uchina ikiwa mojawapo, mchezo huo umekuwa kazi yenye mshahara, mwalimu na saa za mazoezi. Mwaka 2003 idara kuu ya michezo ya Uchina iliukubali kuwa mmojawapo wa michezo rasmi ya nchi. Hapa tutaeleza habari za timu moja ya huko, iitwayo LGD, jinsi ilivyoanzishwa na jinsi ilivyopata sifa yake.

Kwanza yafaa kuufahamu mchezo wenyewe. Dota ni vita vya kubuni. Pande mbili hushindana, kila upande una watu watano, na kila mtu ana kompyuta yake. Kila mmoja huchagua shujaa mmoja kati ya mashujaa zaidi ya mia, ambao nguvu zao ni mbalimbali. Mmoja hukusanya mali, mwingine humlinda, mwingine huanzisha mapigano. Upande uvunjao ngome kuu ya wenziwe ndio ushindao. Mtu akijitafutia sifa peke yake, wote watano hushindwa; kidole kimoja hakivunji chawa.

LGD ilianza mwaka 2009 kwa jina la FTD, herufi za maneno ya Kiingereza ambayo maana yake ni "kwa ajili ya ndoto." Lakini ndoto haishibishi. Wachezaji walihitaji chakula, malazi na nauli. Msaada ulitoka Guizhou, jimbo la kusini-magharibi ya Uchina ambako watu hupenda sana pilipili. Kampuni moja ya huko, Laogandie, itengenezayo pilipili za kutiwa katika chupa, ilikubali kuwafadhili. Ndipo timu ikaacha jina la kwanza, ikachukua herufi tatu za mfadhili wake: Lao, Gan, Die, yaani "mzee, baba wa kulea."

Timu hiyo iliongozwa kwa miaka mingi na mwanamke, Pan Jie, ambaye wapenzi wa mchezo humwita Ruru. Makao yake yakawa Hangzhou, mji wa mashariki ya Uchina. Mwaka 2018 ilifanya shirika na klabu ya mpira ya Paris Saint-Germain ya Ufaransa, ikaitwa PSG.LGD. Shirika hilo lilikwisha mwaka 2023, lakini zile herufi tatu zilibaki.

Basi, sifa ya timu hii ni nini, ikiwa jina ni la kuazima? Tuangalie mashindano makubwa ya Dota yaitwayo The International, yaliyoanza mwaka 2011. LGD ilikuwa ya tatu mwaka 2012, na tena mwaka 2015. Mwaka 2018, huko Vancouver, Kanada, ilifika fainali na timu ya OG. Mshindi alitakiwa kushinda michezo mitatu kati ya mitano. LGD ilitangulia kwa miwili kwa mmoja, kisha ikashindwa miwili ya mwisho. Mwaka 2019 ikawa ya tatu kwa mara nyingine. Mwaka 2021, huko Bucharest, Rumania, ilikutana katika fainali na Team Spirit. Ilipoteza michezo miwili ya kwanza, ikainuka ikashinda miwili, kisha ikaanguka katika ule wa tano. Zawadi zote za mwaka huo zilizidi dola milioni 40.

Huenda msomaji akauliza kuna sifa gani katika kushindwa. Lakini tufikiri: ni timu ngapi hufika fainali mara moja, zikashindwa, zikavunjika? LGD ilianguka mchezo mmoja tu kabla ya kombe, na baada ya miaka mitatu ilikuwa tena mlangoni pale pale. Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi.

Wanafunzi wasidhani kwamba njia hii ni nyepesi. Wanaoijaribu ni wengi, na wanaofika ni wachache mno. Hata hivyo, timu ya mpira, ya mjadala au ya kompyuta huhitaji mambo yale yale: mfadhili mwema, kiongozi asiyechoka, na watu walio tayari kurudi mazoezini siku inayofuata kushindwa.