Hifadhi ya Rumanyika: Kabla hujaenda Karagwe, mjue kwanza mwenye jina

Ukitaja hifadhi ya taifa, wengi wanawaza Serengeti, Mikumi au Ngorongoro. Karagwe? Hapana. Lakini huko Kagera kuna hifadhi inayobeba jina la mfalme: Rumanyika-Karagwe. Ilikuwa pori la akiba, ikapandishwa hadhi mwaka 2019 sambamba na jirani yake Ibanda-Kyerwa.

Ukienda bila kumjua Rumanyika ni nani, unaweza kurudi ukisema umeona milima tu.

Mfalme mwenyewe

Rumanyika Orugundu alikuwa Omukama wa Karagwe, wa ukoo wa Bahinda. Makao yake yalikuwa Bweranyange. Karibu na hapo, Kafuro, wafanyabiashara Waarabu waliotoka pwani walikuwa na kituo chao, kwa hiyo Karagwe haikuwa porini kama wengine wanavyodhani. Bidhaa za pwani zilifika, na habari pia.

Novemba 1861 walifika Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, wakitafuta chanzo cha mto Nile. Rumanyika aliwapokea vizuri. Januari 1862 Speke akaendelea kwenda Buganda, Grant akabaki kwa miezi kadhaa kwa sababu mguu wake ulikuwa mbovu. Yaani mgonjwa wa kigeni aliuguzwa kwa Omukama! Mwaka 1876 akapita Henry Morton Stanley naye.

Speke aliwinda faru akiwa Karagwe na kumpelekea mfalme vichwa vyao. Leo ukienda usitegemee faru.

Wanyama walienda wapi?

Ujangili na mifugo inayoingizwa porini vimechangia. Halafu ukaja mwaka 1994, mauaji ya kimbari ya Rwanda yalipoleta mamia kwa maelfu ya wakimbizi mkoani Kagera. Watu wenye njaa walihitaji kuni na nyama, na mapori ya karibu ndiyo yaliyolipa. Huwezi kuwalaumu, ila kovu lipo.

Ng'ambo ya mto Kagera, Rwanda ilipitia machungu hayohayo. Hifadhi ya Akagera ilipoteza simba wake wote, na mwaka 1997 ikapunguzwa ili watu waliorudi nyumbani wapate ardhi. Ila mwaka 2015 wakaletwa simba 7 kutoka Afrika Kusini, na 2017 faru weusi 18 kutoka hukohuko. Wengi wanaotembelea ukanda huu huishia upande ule. Ukweli unauma kidogo, lakini unaonyesha pori lililoishiwa linaweza kurudi likitunzwa kwa pesa na usimamizi.

Upande wetu, Rumanyika ni milima, mabonde yenye misitu na utulivu. Ibanda iko kona kabisa, inapakana na Rwanda na Uganda, mto Kagera ukizunguka. Nenda kutembea na kutazama mandhari, siyo kuhesabu simba.

Kwani Hyde Park ya London nayo ilianza vipi? Mwaka 1536 mfalme Henry VIII aliichukua iwe eneo lake la kuwindia. Leo watu wanaingia bure, na historia ya mfalme ni sehemu ya matembezi. Karagwe ina mfalme wake tayari, bado wageni wa kusimuliwa habari zake.

Ukitaka kwenda

Kutoka Bukoba unapita Kyaka, lami inafika Kayanga. Kwa Ibanda unaendelea Kyerwa kuelekea Murongo, mpakani na Uganda. Ndani ya hifadhi tafuta gari la juu, na kama unaweza chagua Juni hadi Agosti. Mvua za Machi hadi Mei siyo za mchezo kwenye njia za milimani.

Usibebe fedha taslimu ukitegemea kulipa getini. TANAPA wanatumia kontroli namba. Beba kitambulisho cha NIDA pia, maana kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha mgeni.

Tenga siku moja zaidi. Bweranyange ni kijijini, uliza wazee wakuonyeshe palipokuwa makao ya Omukama. Kyerwa kuna chemchemi ya maji moto ya Mtagata, ambako Stanley alifika na ambako watu bado wanaoga wakiamini yanaponya. Beba taulo.