Maji Yalivyolibana Pafu la Khalati

Khalati yangu aliolewa Kitui zamani, na kila Idi humpigia simu. Mwaka huu hakuweza kumaliza sentensi bila kutua. "Kifua tu, mwanangu," akaniambia. Alishamaliza dozi mbili za antibiotiki za zahanati ya jirani, na majirani walishaanza kunong'ona kuwa ni TB. Hakuna aliyeuliza habari ya titi alilokatwa miaka mitatu nyuma.

Nikapanda gari hadi Kibwezi, nikakata kwa Mutomo mpaka Kitui. Nilimkuta analala kwa kukaa, mito mitatu mgongoni. Kwenye picha ya eksirei upande wa kushoto, ule ule wa titi, ulikuwa mweupe karibu wote.

Daktari alitueleza taratibu. Pafu limezungukwa na ngozi mbili nyembamba, na baina yake mna maji machache, kama vijiko viwili vitatu vya chai, yanayolisaidia kuteleza tunapopumua. Saratani ya titi ikifika kwenye ngozi hizo, maji huzidi na njia za kuyaondoa huziba. Hufika lita na zaidi. Pafu ni laini kama sponji, basi hubanwa likanywea. Kwa hiyo haya tunayoyaita "maji kwenye mapafu" yako nje ya pafu, na dawa ya kikohozi haiyagusi. Mara chache huwa ni hewa badala ya maji.

TB nayo huleta maji ya aina hii, ndiyo maana lazima yapimwe maabara.

Jamaa walipinga, eti mgonjwa akitolewa maji hufa haraka. Imani hii hata kwetu Mombasa ipo, na huwatesa wagonjwa bure. Alitiwa ganzi mgongoni, sindano ikapita katikati ya mbavu, ikatoka lita moja na nusu, rangi ya chai ya mkandaa. Hawakumaliza yote siku moja, kwani pafu likifunguka ghafla huweza kuvimba. Usiku ule alilala chali.

Daktari hakutuficha: hii huleta pumzi, haiponyi saratani. Maji yakirudi, hutiwa unga wa talki ugandishe zile ngozi mbili, au huachwa mpira mdogo wa kuyatolea nyumbani.

Yalirudi baada ya wiki tatu. Safari hii tuliwahi, maana alipoomba mto wa pili tu, tulijua.