Ukitaka Kulia, Anza Kushoto

Je, wajua kwamba mwendesha baiskeli anayekata kona ya kulia huanza kwa kuupeleka usukani kushoto? Hata wewe hufanya hivyo, ila ni kidogo mno na kwa haraka, hata mikono haikuarifu. Wilbur Wright, aliyekuwa na duka la baiskeli mjini Dayton, Marekani, kabla hajarusha ndege, aliwauliza waendeshaji wengi jinsi wanavyokata kona, asipate hata mmoja wa kulieleza jambo hilo sawasawa.

Mahali pazuri pa kuutazama usukani ukifanya kazi ni Hell's Gate, Naivasha, mbuga ambamo baiskeli huruhusiwa kupita katikati ya pundamilia, ngiri na twiga. Wikendi huja mume na mke kutoka Nairobi, wakakodi baiskeli mbili langoni na kuteremka taratibu kuelekea korongo la Ol Njorowa. Wanataka kuongea, kwa hiyo wanakwenda sambamba, polepole, na papo hapo usukani unaanza kuyumba huku na huku. Wanadhani ni ugeni wa baiskeli. Kumbe ni mwendo.

Baiskeli ikianza kuegea kulia, gurudumu la mbele lazima ligeuke kulia ili matairi yarudi chini ya mzigo unaoanguka. Ndiyo siri yote ya kutoanguka. Ukienda upesi, mgeuko mdogo usioonekana unatosha. Ukienda polepole, unahitaji mgeuko mkubwa, ndipo mke anapomwambia mwenzake, "Baba Amani, utaniingilia!" Na kwa kona ni kinyume chake: unaupeleka usukani kushoto, matairi yanakimbilia kushoto, mwili unabaki ukiegea kulia, kisha usukani unaufuata. Bila kuegea kwanza, ungekata kulia na mwili ukaanguka kushoto.

Linaloniudhi ni jibu linalotolewa kila mara, kwamba magurudumu yakizunguka huisimamisha baiskeli kama pia ya watoto. Husaidia kidogo, lakini siyo sababu kuu. Mwaka 1970 Mwingereza David Jones alifunga gurudumu la ziada lililozunguka kinyume ili kuifuta nguvu hiyo ya mzunguko, na akaendesha bila taabu. Mwaka 2011 watafiti wa vyuo vikuu vya Delft, Uholanzi, na Cornell, Marekani, wakaenda mbali zaidi. Waliunda kibaiskeli kisicho na mtu, chenye magurudumu madogo yaliyofutiwa nguvu ya mzunguko, na gurudumu la mbele likagusa ardhi mbele kidogo ya mhimili wa usukani, badala ya nyuma yake kama ilivyo kwenye baiskeli zetu. Wakakisukuma. Kikasimama chenyewe! Uzito wa sehemu yake ya mbele ulikaa chini, na mbele ya mhimili. Kitu kifupi huanguka upesi kuliko kirefu. Basi chombo kikiegea, sehemu ya mbele hutangulia kuanguka na kuuvuta usukani upande uleule.

Kwa hiyo baiskeli inayojua kazi yake ni ile ambayo usukani wake uko huru. Kabla hujalipa pale langoni, inua gurudumu la mbele, iegemeshe baiskeli kidogo upande mmoja. Usukani ukianguka wenyewe upande huo, chukua. Ukikwama, rudisha, hata kama imepakwa rangi mpya. Nyingi za kukodi hupakwa rangi na kujazwa upepo, lakini gololi za shingo ya usukani hazionji grisi mpaka zisage. Ni uzembe wa kopo moja la grisi. Na kwenye mchanga, usiung'ang'anie usukani: gurudumu likizuiwa kugeuka, hakuna wa kukuokoa.

Ni ajabu pia kwamba mtu wa Nairobi alipe kiingilio cha mbuga ndipo aendeshe bila matatu kumsukuma mtaroni. Twiga, angalau, hukupisha.