Huna Jimu Kericho ama Bomet? Hivi Ndivyo Utapata Nguvu na Boli Siku Moja

Sikia hii, msee. Unacheza winga ya timu ya mtaa, Litein ama Silibwet, na kila Jumapili kuna beki mmoja anakusukuma hadi kwa majani chai. Unaona dawa ni jimu, lakini pesa ya jimu hakuna. Tulia. Mwili wako na mpira mmoja vinatosha kuanza.

Kericho iko juu ya mita 2,000. Mapafu tuko nayo, lakini mapafu hayasukumi beki. Unahitaji nguvu, na si lazima uitafutie siku yake. Iweke kwa mazoezi yale yale ya timu, mara mbili kwa wiki.

Anza na nguvu ukiwa bado freshi. FIFA wako na programu ya bure inaitwa 11+, ya kuanzia miaka 14. Ni dakika kama 20 za kukimbia polepole, planki, skwati, kuruka na kusimama kwa mguu mmoja. Huko Norway waliijaribu na wasichana wa miaka 13 hadi 17, matokeo yakatoka 2008: majeraha mabaya yalipungua karibu nusu.

Usiruke ile ya nyuma ya paja. Piga magoti, beshte akushike vifundo vya miguu, kisha jishushe mbele pole pole, mgongo ukiwa umenyooka. Ukishindwa, dondokea mikono. Mara 3 hadi 5 inatosha kuanza.

Sasa toa mpira. Pima mita 30 kwa 20, chezeni wanne kwa wanne, raundi nne za dakika nne, mkipumzika dakika tatu kila raundi. Hapo hakuna kujificha. Unagusa mpira kila saa, unageuka, unafunga breki, unagongana bega kwa bega. Ile nguvu umetoka kujenga inapata kazi papo hapo, na pumzi inaongezeka pia.

Lakini chunga mambo matatu.

Kwanza, kama asubuhi ulibeba mzigo wa majani ukipanda mlima hadi kituo cha kununulia, hayo tayari ni mazoezi. Mwambie kocha, akupunguzie skwati. Ukinyamaza, paja litaongea.

Pili, mechi ikiwa Jumapili, fanya nguvu Jumanne na Alhamisi. Jumamosi acha, usiamke mechi ukitembea kama mzee.

Tatu, mvua ya mchana ikifanya uwanja uwe matope, acha kuruka. Planki hata kwa veranda inaweza.

Na ile stori ati vyuma hufanya mtoto abaki mfupi? Ni uongo. Kinachoumiza ni uzito mkubwa, mtindo mbaya na kukosa mtu wa kukuangalia.

Mpatie wiki nane, bila kukosa. Halafu Jumapili, yule beki akileta bega, utamwonyesha yako.